Klasi ya Ngeleka

Siku wakubwa walipokuja kumpima Kabeya kwa mara ya tatu, mkewe Bilonda alikuwa na mkasi mkono mmoja na kaye, daftari lake, mkono wa pili, akimweleza rafiki yake Mwamini kwamba macho yake yameingia ukungu.

"Ngeleka alizaliwa na ile nguvu," alisema Bilonda. "Alitoka nayo mu tumbo ya mama yake. Mi naandika klasi ya kwanza, na hii mambo inaisha leo."

"Andika," alijibu Mwamini bila kuinua kichwa kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. "Andika hata klasi ya askofu. Ule muntu eko na dawa. Balimuchanja pa mukono."

Tshiela, jirani aliyeolewa juzi tu, alificha kicheko ndani ya kitambaa chake. Alikuja kila Alhamisi kujifunza kushona, na baada ya miezi mitano alikuwa bado hajamaliza mfuko wa mto mmoja.

Ngeleka hakuwa jirani wala mtu wa kampi. Alikuwa mtu wa karatasi. Kila Jumamosi ya pili lilifika gazeti dogo la wafanyakazi kutoka Elisabethville, na nyuma yake kulikuwa na picha nane zenye maneno chini: habari za Ngeleka, mfua shaba wa zamani, ambaye akifukuzwa na adui huingia ndani ya jiwe kama mwingine anavyoingia majini, akatokea upande wa pili bila hata vumbi. Nani alimchora, hakuna aliyejua. Pale Mutoshi, katika nyumba za matofali za kampi ya mgodi, wanaume walisoma ukurasa wa mpira, kisha wakafungia samaki gazeti lote. Wake zao ndio waliomtoa Ngeleka kwenye samaki.

Na walipomtoa, walimpanga. Kampani ilikuwa na desturi ya kupanga watu: mwanamume akiingia kazini alipewa namba na klasi, na klasi ndiyo iliyosema atapata nyama kiasi gani na nyumba yake itakuwa na madirisha mangapi. Wanawake wa Alhamisi waliona utaratibu huo ni mtamu mno kuachiwa wazungu peke yao. Bilonda, ambaye masista huko Kasai walimfundisha kusoma kabla ya kumfundisha kunyamaza, alinunua kaye ya mistari. Kila mtu wa gazeti mwenye nguvu zisizo za kawaida aliandikwa humo, na kila mmoja alipewa klasi.

Ya kwanza ilikuwa ya waliozaliwa nayo. Ya pili ni waliopewa, ama na Mungu, ama na mzimu wa babu. Ya tatu ilikuwa ya dawa, na hapo ndipo ugomvi ulipolala, maana kila mtu alijua kwamba dawa kubwa haikai bure. Inakula kitu cha nyumbani: mtoto, mjomba, mimba. Kumweka Ngeleka klasi ya tatu ilikuwa kusema kwamba mtu waliyempenda miezi minane ameuza damu ya ndugu yake ili apite ukutani.

Kulikuwa na sheria moja tu. Atakayesema kwamba haya ni uongo, "ni bongo, ni mambo ya gazeti", huyo atainuka na kuwapikia wote chai. Sheria hiyo ilikuwa imevunjwa mara moja, na Tshiela, siku yake ya kwanza.

"Tuonyeshe ile chale," alisema Bilonda. "Onyesha kwa kidole."

Mwamini alitoa gazeti lake kwenye kifua cha vazi lake, likiwa limekunjwa mara nne. Yeye hakukaa kampi. Alikaa mtaa wa wafanyabiashara, na mumewe, Abedi, aliendesha lori mpaka Sandoa na kurudi. Gazeti lake lilipitia kwa Abedi, na la Bilonda lilipitia kwa Kabeya. Mwamini alisoma herufi za Kurani, si za masista, kwa hiyo alisoma picha. Bilonda alisoma maneno, na picha alizitazama kama mtu anavyotazama mapambo ya sahani. Kila mmoja alitetea Ngeleka wake kwa karatasi yake mwenyewe, na heshima ilikataza kuomba karatasi ya mwenzake, maana kuomba ni kukubali kwamba yako haitoshi.

"Hapa," Mwamini aliweka kidole kwenye picha ya tano. "Pa kiwiko. Mbele ya kuingia mu jiwe. Nukta nyeusi. Ile ni chale, na mu chale munakaa dawa."

"Na maneno ya chini yanasema: Ngeleka akanyoosha mkono. Hayasemi Ngeleka akachanjwa."

"Mwenye dawa anaandika chini eti niko na dawa? Wee Bilonda, masista walikuharibu."

Bilonda alifungua kaye kwenye jina la Ngeleka, akaifunga tena. Angeweza kuwapa wengine wote wa kaye klasi yoyote ile. Kwa Ngeleka hakuweza.

Kuna sababu, na wote watatu waliijua, na hakuna aliyeitaja. Miaka miwili nyuma Bilonda alipelekwa hospitali kujifungua kabla ya wakati. Njia ya hospitali ilipita mtaa wa wazungu, na king'ora cha saa tatu usiku kikilia, mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana huko. Kabeya aliitwa saa tatu na dakika kumi. Alifika kwenye kizuizi cha mtaa huo akikimbia, askari akamweka ndani ya kibanda mpaka asubuhi. Alipotokea hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kufunikwa kitambaa. Tangu siku ile Kabeya, karani wa bohari, mtu mpole wa kuhesabu nati na bolti, hakuwa na neno jingine isipokuwa kadi.

Kadi ya wastaarabu. Aliyekuwa nayo alipita kizuizi saa yoyote. Akifungwa, hakuchapwa fimbo. Ili kuipata, kamati ilikuja nyumbani kwako kuangalia kama umeacha ushenzi. Mara ya kwanza walikuta kuku chini ya kitanda. Mara ya pili waliuliza kijiko cha supu, na Kabeya, kwa woga, akaonyesha upawa wa ugali. Waliambiwa kwamba mara ya tatu ndiyo ya mwisho, na itakuwa Ijumaa. Uma zilikuwa zimesuguliwa, vikombe vyenye visahani vimepangwa juu ya meza. Kuku mwenyewe alikuwa ameliwa zamani, kwa hasira.

Basi kamati ikaja Alhamisi.

"Ngeleka eko na dawa," Mwamini alikuwa akisema, sasa kwa sauti ya kutosha kusikika barabarani. "Hakuna muntu anapita pa ukuta bila dawa. Na kama eko na dawa, aliua. Njo vile. Ngeleka aliua muntu ya kwabo."

Kivuli kiliziba dirisha. Bilonda aliona kwanza kofia nyeupe, kisha kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, na kaye ikamponyoka kabla kichwa hakijaelewa.

Alikuwa ofisa wa serikali aliyehusika na kadi. Jina lake lilikuwa na herufi nyingi zisizotamkwa, na kampi ilimwita Bwana Mukasi, kwa sababu ya alivyokata majina kwenye orodha. Nyuma yake alisimama Pere, padri wa misheni, mzee mwenye ndevu, sikio la kushoto halikusikia kitu. Wa tatu alikuwa Tata Mukendi, karani wa ofisi, Mluba kama Kabeya, mwenye kadi tangu mwaka uliopita na miwani tangu alipopata kadi.

Waliingia. Wanawake walisimama. Bwana Mukasi hakutazama uma.

"Ngeleka nani?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha amri, kisichotofautisha mimi, wewe na yeye. "Naua nani? Namba yake ngapi?"

Mukendi aliinama, akaokota kaye iliyokuwa imemwanguka Bilonda, akaifungua. Bilonda alimwona akisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na uso wake ukikakamaa. Majina. Mbele ya kila jina, kazi ya kiajabu: huyu anaita mvua, huyu anaonekana mahali pawili, huyu anakausha kisima kwa kukitazama. Na mwishoni mwa kila mstari, klasi, kwa mwandiko mzuri wa masista. Miaka ile serikali ilikuwa ikitafuta vikundi vya siri nyuma ya kila mlango, na hapa kilikuwepo kimoja, kimeandikwa, tena kwa mistari iliyonyooka.

Mukendi alimwambia Bwana Mukasi maneno kwa Kifaransa. Bilonda alishika neno moja tu: liste, orodha.

"Bwana," alisema Bilonda, "hawa bantu hawako."

"Nakimbia?"

"Hapana, Bwana. Hawako hata siku moja. Ni…" Alimtazama Mwamini. Mwamini alitazama sakafu. "Ni bongo, Bwana. Ni mambo ya gazeti."

Halafu Tshiela, ambaye woga ulikuwa umemwacha na mazoea tu, akasema polepole, "Chai."

Bilonda alimgeukia kwa macho ya kuchoma. Lakini miguu yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kuelekea jikoni, maana sheria ni sheria, na maji yalikuwa yanachemka tangu mchana. Alirudi na birika, akamimina katika vikombe vyenye visahani, kijiko kidogo upande wa kulia kama alivyofundishwa, sukari katika bakuli lenye kifuniko. Visahani viliimba alipoviweka. Bwana Mukasi alikuta kikombe mbele yake bila kujua kimefikaje. Alikaa. Pere naye alikaa, akashukuru, akatia sukari vijiko vinne.

"Onyesha gazeti," alisema Bwana Mukasi.

Bilonda alichukua lake kabatini. Mwamini alisita kidogo, kisha akakunjua la kwake, akaliweka kando ya lile la kwanza. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane, Ngeleka wawili walilala pamoja mezani.

"Huyu Ngeleka?"

"Njo yeye," alisema Mwamini. Na kwa kuwa alikuwa Mwamini, hakuweza kuishia hapo. "Na hapa pa kiwiko, Bwana, njo chale ya dawa."

Bilonda alifumba macho. Nyumba inaungua, na mwanamke huyu bado anatafuta ushindi.

Bwana Mukasi alitazama picha ya Mwamini, kisha ya Bilonda. Ya Bilonda mkono ulikuwa mweupe, safi. Alirudi kwenye ile nukta, akaikwangua kwa ukucha. Haikutoka. Akalamba kidole, akasugua. Nukta ilitambaa, ikawa mkia mweusi. Aliinusa.

"Mafuta ya motoka," alisema.

Mwamini aliweka sindano chini. Alisogea, akainama, akanusa mwenyewe. Ilikuwa harufu ya lori la Abedi, harufu ya mashuka yake na ya mito yake, na alikuwa ameitetea miezi minane kama ushahidi wa mauaji. Alirudi kwenye kiti chake, akaanza kushona, na sindano ikapita mahali pasipo na kitambaa.

Bilonda alianza kupumua. Bwana Mukasi alikunywa chai. Angekuwa amefunga kaye wakati ule, mambo yangeishia hapo, lakini aliyekuwa na kaye ni Mukendi, na Mukendi alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza. Aligeuza mpaka ukurasa wa mwisho.

Bilonda alikumbuka.

Wiki mbili nyuma walikuwa wamempanga mume wa Tshiela, ili kumcheka bibi arusi: anakoroma mpaka sahani zinahama, alizaliwa nayo. Kisha Mwamini akamtoa Abedi wake: anaona shimo la barabara kwa mbali, sufuria tupu ya nyumbani haioni, klasi ya pili, alipewa na lori. Walipomgeukia Bilonda, alikuwa amecheka mpaka machozi, na akaandika bila kufikiri.

Mukendi alisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kuliachia. "Kabeya. Usiku anageuka simba. Klasi ya tatu. Dawa aliletewa na Abedi kutoka Sandoa."

Na Kabeya alikuwa mlangoni. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba wakubwa wako kwake, amekuja mbio, shati jeupe limemshika mgongoni. Alisikia jina lake na simba katika sentensi moja, na hakujua kilichotangulia.

Neno simba halikuwa la mchezo enzi zile. Ilisemekana kwamba huko kaskazini watu walinyongwa kwa sababu ya neno kama hilo, watu waliovaa ngozi na kucha za chuma. Bwana Mukasi aliweka kikombe chini. Hakukiweka juu ya kisahani.

"Huyu pia ni mtu ya gazeti?" aliuliza.

Hakuna aliyeweza kusema ndiyo. Mtu wa gazeti alikuwa amesimama mlangoni, anatoka jasho.

"Wewe. Usiku nageuka simba?"

Kabeya alimtazama mkewe, kisha ofisa. "Bwana," alisema, "usiku mi nalala."

"Nani nashuhudia?"

"Bibi yangu."

Tshiela alitoa sauti ndogo puani, akajifanya anapiga chafya. Mwamini alikuwa ameacha kushona. Uso wake ulikuwa wa majivu, maana Abedi naye alikuwemo katika mstari ule, pamoja na Sandoa yake, na lori halikuwa limerudi.

Bilonda aliona njia mbili, na zote zilikuwa na ukuta mwishoni. Akinyamaza, mumewe ataondoka hapa kati ya askari wawili. Akisema ukweli, itabidi aeleze mbele ya wanaume watatu ni simba wa aina gani, anaunguruma wapi, na mizizi aliyoileta Abedi inachemshwa vipi. Na mizizi ni dawa, na dawa ni ushenzi, na kadi imekwisha. Tena Kabeya angekufa kwa haya pale pale mlangoni, bila kusumbua serikali.

Macho yake yalitua kwenye ndevu za Pere, zenye sukari.

"Tata Pere," alisema, akapiga magoti juu ya sakafu, "mi nataka kuungama."

"Unataka nini?"

Alihamia upande wa sikio zima. "Kuungama, Tata. Sasa hivi. Zambi inanichoma."

Pere alimtazama Bwana Mukasi. Bwana Mukasi alifungua mdomo, akaufunga. Kuna milango ambayo hata serikali inabisha kwanza. Mzee aliinuka kwa magoti yake mabovu, wakaingia naye nyuma ya pazia la chumba cha kulala.

Sebuleni walibaki wanne na Kabeya, wakitazama pazia. Sauti ya Bilonda ilikuwa mnong'ono, haukupita pazia. Sauti ya Pere, kama ya viziwi wote, ilipita.

"Anageuka nini?"

Mnong'ono.

"Simba, ndiyo, nimesikia. Wapi?"

Mnong'ono mfupi.

"Pa kita—"

Kijiko cha Mukendi kilianguka juu ya kisahani kwa kishindo kikubwa. Aliinama kukitafuta, akakitafuta kwa muda mrefu kuliko kijiko kinavyostahili, na alipoinuka miwani ilikuwa imeingia ukungu na mdomo umekazwa kama kifundo. Alifunga kaye. Aliiweka chini ya mkono wake, na ukurasa wa mwisho ukaangalia chini.

Nyuma ya pazia kulisikika kikohozi kirefu. Kisha Kilatini, haraka haraka.

Pere alitoka wa kwanza, mwekundu kama udongo wa Mutoshi. Hakumtazama Kabeya. Alichukua karatasi ya kamati mezani, akachovya kalamu, akaandika jina lake chini kabisa, kwa herufi kubwa.

"Pere," alisema Bwana Mukasi kwa Kifaransa, "mwanamke huyo amekuambia nini?"

"Umenileta hapa uchukue saini yangu, ama maungamo ya watu?"

"Lakini simba—"

"Nimeweka saini." Alimalizia chai yake kwa mkupuo mmoja. "Na chai ni nzuri."

Bwana Mukasi alimtazama Mukendi. Mukendi alisema kwa Kifaransa sentensi ndefu yenye heshima nyingi, na katikati yake Bilonda, aliyekuwa amesimama mbele ya pazia akijifuta uso, alisikia maneno ya visahani na ya sukari. Ofisa alizungusha macho chumbani. Aliona uma. Alisogeza pazia, akaona kwamba chini ya kitanda hakuna kuku. Alichukua kalamu nyekundu, na kwa muda ambao Bilonda hakuusahau, aliishikilia juu ya jina la Kabeya bila kuishusha. Kisha akairudisha mfukoni, akatoa nyingine.

Alipoinuka kuondoka, alinyoosha mkono. Mukendi alimpa kaye.

"Hii nabaki na mimi," alisema Bwana Mukasi, akaondoka nayo.

Kadi ilifika mvua zilipoanza, ndani ya bahasha ngumu, na picha ya Kabeya akiwa amefungwa tai ya Mukendi. Mukendi hakufungwa na siri ya maungamo kama Pere. Hakusema kitu, lakini alimwita Kabeya Tata Simba mbele ya watu wawili, akacheka peke yake, na kabla ya mwisho wa wiki kampi nzima ilimwita hivyo. Kabeya alidhani ni kwa sababu ya kadi. Hakuna aliyemtoa katika dhana hiyo.

Mwamini hakuja Alhamisi nne. Ya tano alikuja, viatu vikiwa vimejaa matope, akakaa mahali pake, akachomoa sindano. Hakukuwa na kaye mezani.

"Haikurudi?" aliuliza.

"Haikurudi."

"Bantu arobaini na tatu."

"Arobaini na inne. Unasahau ule wa kisima."

Walishona. Tshiela alikuwa bado kwenye mfuko ule ule wa mto.

"Jumamosi Kabeya alipita," Bilonda alisema baadaye. "Alitoka kwa Mukendi saa ine usiku. Alipita mu mutaa ya bazungu, katikati ya barabara. Askari alimusimamisha. Ni ule ule, Mwamini. Ule wa kibanda. Kabeya akatoa kadi, na ule muntu akapiga saluti. Akarudi nyumba, akakaa pa kitanda na viatu, hakusema kitu mpaka asubuhi."

Mwamini alikata uzi kwa meno. "Basi anapita ukutani."

"Anapita."

"Klasi gani?"

Bilonda alijua swali litakuja. Alikuwa amelibeba tangu Jumamosi kama mtu anavyobeba maji yaliyojaa. "Alizaliwa muntu muzuri," alianza, akasita. "Wanamuita sasa mustaarabu. Mi namujua tangu Kasai. Hakubadilika kitu."

"Akiacha kadi ku nyumba, anapita?"

"Hapana."

"Basi iko mu mufuko, haiko mu damu." Mwamini hakulisema kwa ushindi. Alilisema kama mtu anayemfungia mwenzake kidonda. "Ni dawa. Na dawa inakula kitu ya nyumba."

"Ilikula kaye yetu."

Mwamini alivuta uzi mpaka mwisho. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. "Ile kaye ni kidogo," alisema mwishowe. "Hii ilikula kwanza, njo ikakuja nyuma. Ilikula tangu ile usiku ya kibanda."

Tshiela aliinuka, akaenda jikoni kutia maji motoni, ingawa hakuna aliyekuwa amevunja sheria. Bilonda aliacha mikono yake ilale mapajani mpaka alipoweza kuitumia. Kisha alifungua kabati, akatoa kaye mpya, bado ina harufu ya duka, akaandika mstari wa kwanza. Kabeya. Anapita ukutani. Klasi ya tatu.

Alishusha mstari. "Na Ngeleka?"

"Ngeleka andika ya kwanza," alisema Mwamini. "Muntu ya karatasi anaweza kuzaliwa nayo. Hakuna wa kumuzuia." Akavuta pumzi. "Na Abedi nimemwambia anawe mikono mbele ya kushika gazeti."

Bilonda aliandika. Alipomaliza alibaki na kalamu hewani, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile ya kamati, kona ya mdomo wake ikapanda kidogo.

"Simba usimuandike," alisema Mwamini, aliyemwona.

"Sitamuandika. Simba mwenyewe anachoka hii siku." Bilonda alikausha wino kwa pumzi yake, akafunga kaye taratibu. "Abedi anaenda Sandoa lini?"